Huduma ya Kweli Haimwachi Mtu na Deni

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu kuwa hata maskini anaweza kutoa. Jibu hilo ni sahihi, ila linaiacha nusu ya methali bila kuguswa. Iwapo kutoa ni moyo, basi hatuna budi kuuliza ni moyo wa namna gani unaotoa. Mtu anayejenga kanisa ili asifiwe na mtu anayejenga kanisa ili watu wapate mahali pa kusali huinua kuta zile zile, kwa mawe yale yale. Macho yetu hayawezi kuwatenganisha.

Swali hili ni zito zaidi kwa Wakristo, kwani mafundisho ya Bwana wao mlimani yanawaonya waziwazi dhidi ya kutoa sadaka kwa ajili ya kutazamwa na watu. Hata hivyo, hapa nchini Kenya ni nadra kuona mchango mkubwa ukitolewa kimyakimya. Harambee za makanisa zimezoea kipaza sauti. Jina la mtoaji hutangulia, kiasi cha fedha hufuata, vigelegele hupokea, kisha mwenye fedha hukaribishwa mimbarini awasalimie waumini. Si ajabu salamu hizo kugeuka hotuba ya siasa kabla ya dakika tano kwisha.

Viongozi wa makanisa wenyewe wamekwisha kuliona tatizo hili. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini Kenya, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawataruhusiwa kuhutubu katika ibada za kanisa lake. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto na Gavana Johnson Sakaja walikuwa wametoa katika kanisa la Soweto, mtaani Kayole. Wako waliompongeza, na wako waliouliza swali ambalo si la kupuuzwa: je, mabati huuliza ni nani aliyeyanunua? Mvua ikinyesha, paa la mnafiki na paa la mkweli si yote huzuia maji?

Jibu langu ni hili. Mabati hayaulizi, lakini mara nyingi aliyeyanunua hurudi kuuliza. Hurudi kudai kura, au kudai kimya, au kudai kiti cha mbele. Nadhani hapo ndipo tunapoweza kupata kipimo tunachokitafuta. Hatuna uwezo wa kuupasua moyo wa mtu tukaiona nia yake, na ajidaiye kuwa anaweza amejitwika kazi ya Mungu. Tunachoweza kufanya ni kumgeukia yule aliyepokea, tumtazame hali yake. Je, huduma imemwacha huru, au imemwacha na deni? Anaweza kesho kumkosoa aliyemsaidia? Anaweza kukataa alichopewa bila kuadhibiwa? Iwapo jibu ni la, basi alichopewa ni mkopo, hata kama risiti imeandikwa sadaka.

Jambo hili halikuanza leo. Mtume Paulo alipokuwa Korintho aliishi kwa kushona mahema pamoja na Akila na Prisila. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakristo wa mji huo alijenga hoja ndefu kuthibitisha kwamba mhubiri anayo haki ya kutunzwa na wale anaowahubiria. Baada ya kuithibitisha, alieleza kuwa yeye binafsi hakuitumia haki hiyo, asije akaiwekea Injili kikwazo. Naomba msomaji ayazingatie mambo mawili hapo. Kwanza, Paulo hakusema kwamba mtumishi hastahili ujira. Pili, aliyeisamehe haki hiyo alikuwa mwenye haki mwenyewe, kwa hiari yake, na hakuna mwingine aliyemsamehea.

Tutoke Korintho tuje Nyeri, ambako historia yetu wenyewe imetuachia mfano ulio bora. Mtawa Irene Stefani alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915 pamoja na masista wenzake wa Shirika la Consolata. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeingia Afrika Mashariki, na Waafrika kwa makumi ya maelfu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa miwili mashuhuri, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa wingi, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hao walikuwa watu ambao hata jeshi lililowachukua halikuwahesabu sawasawa. Mgonjwa wa aina hiyo angemlipa nini? Wengi hawakuishi hata wakapata nafasi ya kumshukuru.

Vita vilipokwisha, alipelekwa Gikondi, katika eneo la Mukurwe-ini, mwaka 1920. Huko alifundisha shule, akawazungukia wagonjwa vilimani kwa miguu, akawaandikia barua vijana wa Gikondi waliokwenda kutafuta kazi mijini. Wenyeji walimpa jina Nyaatha, yaani mtu wa huruma. Mwezi wa Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni, naye akaambukizwa, akafa tarehe 31 ya mwezi huo huo akiwa na umri wa miaka 39. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, miaka 84 na ushei baada ya kifo chake. Heshima hiyo ilikuja wakati yeye hana tena haja nayo. Nami nalipenda zaidi lile jina la Kikuyu, kwa kuwa halikutolewa na wakubwa wake wala halikusomwa kwenye kipaza sauti. Lilitolewa na waliohudumiwa, na waliohudumiwa huwa hawadanganyiki kwa urahisi.

Najua kwamba wapo wasomaji watakaonikumbusha kuwa umisionari na ukoloni vilisafiri katika njia moja. Wana haki ya kunikumbusha. Wako wamisionari waliojitwalia mashamba na waliodharau mila za wenyeji bila kuzielewa. Kipimo chetu hakiwasamehi kwa sababu ya kanzu walizovaa, maana wao pia wanaulizwa swali lile lile: mliwaacha watu huru, au mliwaacha na deni?

Kwa upande mwingine, kipimo hicho kinatusaidia kumwelewa mtu kama Johannes Rebmann wa Rabai. Mjerumani huyu alifika pwani yetu mwaka 1846 kuungana na Ludwig Krapf. Vitabu vya historia humtaja kwa sababu tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Ambacho hakitajwi sana ni miaka iliyofuata. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Waumini aliowapata kwa miaka hiyo yote walikuwa wachache mno. Aliendelea kukusanya maneno ya lugha za Kiafrika hata macho yake yakapofuka, akarudishwa Ujerumani kipofu, akafa mwaka 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, na ile ya Kinyika aliyoitunga na Krapf ikatoka mwaka 1887. Hakuviona vitabu hivyo. Mtu anayetafuta sifa hakai miaka 29 mahali pasipo na sifa.

Hata hivyo, pana jina jingine katika kisa hicho ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia. Maneno ya Kinyasa Rebmann aliyapata kwa mtu aliyeitwa Salimini, aliyekuwa mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Bila yeye kamusi isingekuwako. Lakini hatuwezi kuiita kazi ya mtumwa kuwa ni kujitolea, kwa kuwa anayejitolea ni yule aliye na uwezo wa kukataa. Kiswahili chetu kinaitofautisha hali hiyo kwa ufasaha mkubwa: yupo anayejitolea, na yupo anayetolewa.

Walimu wenzangu watanielewa haraka nikisema kwamba tofauti hiyo inasahauliwa mara kwa mara tunapozungumziwa sisi. Huambiwa kuwa ualimu ni wito. Kauli hiyo ni tamu kinywani mwa mwalimu mwenyewe anapobaki baada ya masomo kumsaidia mtoto aliyeachwa nyuma. Kinywani mwa mwajiri anayechelewesha mshahara, kauli ile ile ni shubiri. Walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi walipogoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu, wako waliowaambia wafikirie watoto kwanza. Hapana shaka watoto wafikiriwe. Lakini anayemhimiza mwenzake kujinyima ilhali yeye mwenyewe hajinyimi chochote, hajahubiri upendo. Makanisa nayo yajichunguze: katekista anayefundisha vijiji vitatu, mwalimu wa chekechea ya parokia na mzee anayefagia uwanja wa kanisa, je, wamejitolea au wametolewa?

Kwa wanafunzi nina neno pia. Mtaala wa umilisi umeipa huduma kwa jamii nafasi katika masomo ya shule ya upili, na vyama vya wanafunzi Wakristo vimekuwa vikizuru makao ya mayatima na wazee tangu zamani. Hilo ni jema. Ila nimeona ziara ambazo unga na sabuni hukabidhiwa kwa dakika kumi na picha hupigwa kwa saa nzima, mtoto wa watu akiambiwa atabasamu huku akiwa ameshika paketi ya sukari. Mtoto huyo hakuombwa ruhusa. Picha yake itazunguka katika simu za watu asiowajua, na siku atakapokuwa mtu mzima itakuwa ingali inamtambulisha kama aliyesaidiwa. Hilo ni deni, tena deni ambalo hakulikopa.

Wala sisemi kwamba tusubiri mpaka mioyo yetu itakate ndipo tutende wema. Tukisubiri hivyo, wenye njaa watakufa na wagonjwa wataoza vitandani. Nia za binadamu huchanganyika kama mchele na chuya, na kazi ya kupeta huendelea maisha yote. Njia ya kupeta ni kutenda yale yanayoinyima nafsi chakula chake. Nenda ukawafulie wazee nguo, uache simu bwenini. Lipa karo ya mtoto kupitia kwa mwalimu mkuu, na umwombe asikutaje. Mfundishe mwenzako hesabu, na akikupita katika mtihani, mpongeze. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo mgema mwenye busara huzikimbia sifa mapema, tembo lake lingali zuri.

Na sisi tunaopokea tuna wajibu wetu. Kanisa, shule na kijiji vijifunze kushukuru bila kusujudu, na kukataa bila matusi pale zawadi inapokuja na kamba. Waliouguzwa Gikondi hawakudaiwa chochote, ndiyo maana jina walilomchagulia muuguzi wao lina thamani. Wewe unayehudumu leo, darasani, hospitalini au madhabahuni, jiulize ni jina gani watu watakalokupa siku ambayo hawatakuhitaji tena wala hawatakuogopa.