Sura ya Saba: Masahibu Waliopambanishwa

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sura ya kwanza ameona jinsi adawa inavyozaliwa baina ya watu wasiojuana, ambao kila mmoja humchora mwenziwe kwa wino wa khofu yake mwenyewe. Sura hii yahusu jambo lililo gumu zaidi kulifahamu, nalo ni ugomvi wa watu waliokula sinia moja na kuoana na kuzikana, ambao aghalabu hakuna hata mmoja wao aliyeutaka, na ambao hata hivyo ulimwaga damu na kuvunja nyumba. Ushahidi wake sitautafuta katika hadithi za kale za wafalme, ingawa umejaa humo. Nitauchukua katika nchi ya Katanga, kusini mwa Kongo, katika miji iliyopangana kuanzia Kolwezi na Likasi mpaka Lubumbashi, na chini zaidi hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia.

Ajaye leo Kasumbalesa, mahali ambapo malori yaliyobeba shaba na kobalti husubiri forodha kwa foleni zisizo na mwisho, na ambapo unga wa mahindi huingia kutoka kusini kwa magunia na kwa baiskeli, husikia Kiswahili cha Lubumbashi kikipokezana na Kibemba, na Kiluba cha Katanga, na Kiluba cha Kasai, na Kifaransa cha maofisa, wala haimpitikii kwamba wasemaji hao waliwahi kutenganishwa kwa marungu. Wala hawakukutanishwa na bahati. Reli ilipofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini kwa njia ya Sakania, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea mno vibarua wa Rhodesia ya Kaskazini. Lakini faranga ya Ubelgiji ilipopungua thamani, na serikali ya Wabelgiji ilipoona kwamba mikono yake mingi yatoka katika himaya ya Waingereza, kampuni iligeuza uso upande wa Kasai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu, na kuwataka waje na wake zao, ili watoto wazaliwe kambini na kulelewa na kusomeshwa na kutibiwa na kampuni ile ile. Nayo reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 ikawa mlango mpana wa kuwaletea Wakasai.

Hivyo walizaliwa wale waliojiita Bana Shaba, wana wa shaba, na baba yao alikuwa kampuni. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya maisha yao, na katika jina la kitabu hicho akawataja kuwa wana walioachwa na baba yao. Sioni mfano ulio bora kuliko huo, nao umetoka vinywani mwa wahusika: maadamu baba yu hai na ghala limejaa, ndugu hugombana kwa maneno tu, baba akianguka, ndipo huulizana nani ni mwana wa nyumba na nani ni mlowezi.

Tuwaweke basi mbele ya macho yetu watu wawili wa kubuni, mafundi wa kiwanda kimoja huko Likasi katika mwaka 1990. Babu wa mmoja aliletwa kutoka Kasai kwa mkataba. Babu wa mwingine alitoka kijiji kilicho mwendo wa siku mbili kutoka mgodini. Wamesoma shule moja ya kampuni, wake zao huazimana chumvi, na mtoto wa mmoja amepewa jina la mwenziwe. Swali la sura hii ni hili: katika muda wa miaka miwili tu, ni kitu gani kilichoweza kumpeleka mmoja kwenye mlango wa mwingine usiku, pamoja na kundi la vijana wenye fimbo na petroli?

Wengi hujibu upesi kwamba chuki ya kikabila ilikuwapo tangu zamani, ikajificha, kisha ikafumuka. Jibu hilo halinitoshi, na historia yenyewe yalikanusha. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji, viti vikubwa vya Elisabethville viliwaangukia watu wenye asili ya nje ya mkoa, Wakasai wakiwa mbele. Wakuu wa kusini mwa Katanga wakaona hatari, na mwaka 1958 wakaunda chama cha Conakat. Humo walikuwa pamoja kwa muda mfupi Moïse Tshombe wa Walunda na Jason Sendwe wa Waluba wa Katanga, wote wawili wana wa kanisa la Methodisti. Lakini mwezi Novemba 1959 Balubakat, chama cha Sendwe, ilijitoa, ikashirikiana na chama cha Wakasai, na Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, askari wa Tshombe walipigana na Waluba wa kaskazini kwa ukatili mkubwa. Basi katika duru ile Mluba wa Katanga na Mkasai walikuwa upande mmoja. Katika duru ya mwaka 1992 Mluba wa Katanga ndiye aliyesimama mbele ya wanaomfukuza Mkasai. Kama chuki ingekuwa ya damu, isingebadili mwelekeo wake kwa wepesi kiasi hicho katika muda wa miaka thelathini.

Yatupasa kutazama juu, kwa wakubwa, kwani huko nako tunakuta masahibu wawili, na hawa si wa kubuni. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, walimwandikia Rais Mobutu waraka mrefu wa kumshutumu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa sawa na kuitia shingo kitanzini. Miongoni mwao walikuwamo Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Mluba wa Katanga. Kundi hilo liliandamwa kwa vifungo na kwa kuhamishwa, na kutoka kwake kikazaliwa mwaka 1982 chama cha UDPS. Uswahiba uliopimwa kwa mateso hudhaniwa kuwa hauvunjiki, lakini Mobutu, ambaye katika ufundi wa kutenganisha watu hakuwa na mpinzani, aliposalimu amri kwa nusu mwezi Aprili 1990 na kuruhusu vyama vingi, aliacha mbele ya wapinzani wake kitu kimoja cha kugombea, nacho ni uwaziri mkuu. Kyungu alikuwa amekwisha kujiunga na Nguz a Karl-i-Bond, Mlunda, jamaa wa Tshombe, katika chama cha UFERI. Nguz akawa waziri mkuu mwezi Novemba 1991, na Kyungu akawa gavana wa mkoa, ambao siku zile uliitwa Shaba. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ulioitwa kuandaa mpito wa kidemokrasia, ulimchagua Tshisekedi ashike nafasi ya Nguz. Huko Lubumbashi Wakasai walishangilia. Na katika siku zile zile vurugu zikaanza.

Lakini mashindano ya wakubwa peke yake yasingefika hadi jikoni kwa mafundi wetu wawili, kama chini yake pasingekuwapo njaa. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, iliporomokewa na mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990. Mwaka 1991 askari na raia wakapora miji. Na kufikia mwaka 1993 shaba ilikuwa takriban tani 50,000 tu. Mishahara ilichelewa, mgao wa unga ukapungua, zahanati zikakosa dawa. Ndipo hotuba za gavana zikawapa watu hesabu iliyo rahisi: kazi ni chache, na nyingi zimeshikwa na wageni, mgeni akitoka, wewe utaingia. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na vijana wa chama, walioitwa Juferi, wakapewa ruhusa isiyoandikwa.

Sasa turudi kwa fundi wa Katanga. Mtu huyu hapendi kumdhuru sahibu yake, na usiku wa kwanza aghalabu humficha. Lakini vijana wapitao mlango kwa mlango humwuliza swali ambalo halina jibu la katikati: je, wewe ni wetu au ni wao? Akikataa kuonyesha nyumba, nyumba yake itatiwa alama. Akinyamaza, ukimya wake utahesabiwa. Akikubali kufuatana nao hatua chache tu, amekwisha kuonekana, na kuanzia hapo hana tena upande wa kurudia. Hapa ndipo palipo kiini cha sura hii: kulazimishwa hakuhitaji bunduki kichwani, bali kwahitaji tu kwamba kutopigana kuwe na gharama kubwa kuliko kupigana, na kwamba majirani wote wajue hivyo kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, ule ukaribu tunaoutarajia uwe ngao hugeuka kuwa chombo cha maangamizi, kwa sababu mgeni hajui nani analala chumba kipi, wala nani ameoa wapi, wala wapi kiliwekwa cherehani na redio, sahibu anajua. Na jambo la mwisho, ambalo watu wengi huona haya kulitaja, ni kwamba cheo cha fundi aliyefukuzwa kilibaki wazi kesho yake asubuhi.

Kwa upande wa pili mambo hayakuwa mepesi zaidi. Wakasai waliokuwa na nguvu walipanga zamu za kulinda mitaa, wakapiga nao, na kila kijana wa Katanga aliyeumizwa katika mitaa hiyo akawa hoja mpya mikononi mwa wachochezi. Hata hivyo nguvu hazikulingana, kwani serikali ya mkoa ilikuwa upande mmoja. Tangu Septemba 1992 huko Likasi, na mwaka uliofuata huko Kolwezi, makumi ya maelfu ya watu walijazana kwenye vituo vya reli na katika shule, wakasubiri treni kwa wiki na miezi, huku maradhi na utapiamlo vikiwaua hasa watoto. Kwa jumla waliofukuzwa wanahesabiwa kwa malaki. Na wengi wao walikuwa wakipelekwa Kasai, nchi waliyoisikia kwa wazee tu.

Pana watakaouliza kama hali hii yafanana na ile ya Kisangani, ambako mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo baadhi ya makamanda wake walikuwa wamepigana bega kwa bega katika msitu wa Luwero nchini Uganda, yalirushiana makombora kwa siku sita ndani ya mji usio wao, na raia mamia wakafa. Nadhani kufanana kwake ni kwa juu juu. Pale waliogombana ndio waliotoa amri, nao walikuwa na njia ya kurudi makwao. Hapa Katanga waliogombana walipokea amri, na uwanja wa vita ulikuwa ua wa nyumba yao.

Yaliyofuata baadaye yanaudhi kwa jinsi yalivyokuwa mepesi kwa wakubwa. Wakasai wengi walirejea Katanga kidogo kidogo, hasa baada ya Mobutu kuanguka mwaka 1997, na ukuaji wa biashara ya mpakani uliwavuta baadhi yao hadi Kasumbalesa, ambako waliuza na kununua pamoja na watoto wa wale waliowafukuza. Nao viongozi wakapatana. Mwezi Juni 2016, huko Genval nchini Ubelgiji, chama cha Tshisekedi na umoja wa vyama saba ambamo chama cha Kyungu kilikuwamo viliingia katika muungano mmoja wa upinzani, na Tshisekedi mzee akawekwa kuwa mkuu wake. Alifariki mwezi Februari 2017. Mwanawe, Félix, akawa rais mwezi Januari 2019, na mwezi Juni mwaka ule ule akatia saini amri ya kumteua Kyungu kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli, lile lile ambalo treni zake ziliwachukua Wakasai kutoka Likasi na Kolwezi. Uteuzi huo ulizua mabishano makali katika muungano uliotawala. Lakini waliobishana walibishania saini ya waziri na mgawanyo wa vyeo, wala si abiria wa mwaka 1992.