Fahamu: Kwa nini kiti kutoka nje ya nchi ni ghali Mbuya?

Kutoka kilima cha Mbuya, Kampala, hadi makao makuu ya Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), Nakawa, ni mwendo mfupi. Lakini ushuru wa forodha wenyewe haupangwi na Uganda peke yake: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Malighafi na mashine nyingi 0%, bidhaa za kati 10%, za kumalizika 25%. Tangu Julai 2022 kuna kiwango cha nne, 35%, kinachogusa fanicha, nguo na vigae. Sukari na mchele kutoka nje ya jumuiya hutozwa zaidi.

Chukua kiti kilichofika Mombasa kwa meli kikiwa na thamani ya shilingi 100,000, nauli na bima zikiwamo. Ushuru ni 35,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 18% hukokotolewa juu ya 135,000, yaani 24,300. Hili watu wengi hawalioni: kodi inatozwa juu ya kodi. Kiti kimefika 159,300 kabla ya tozo nyingine, lori na faida ya muuzaji.

Lengo ni kumlinda fundi wa hapa, na naliunga mkono pale ambapo fundi huyo yupo kweli. Ila mzalishaji wa ndani naye anaweza kupandisha bei, maana mshindani wake amekuwa ghali. Mchele uliolimwa Tanzania, iliyo ndani ya jumuiya, huingia bila ushuru wa forodha, kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji umetoka wapi.