Karani Amevaa Kofia ya Chama Kazini: Inaruhusiwa?

Uko kwa laini, ofisi ya gava hapo Rongo ama Mbita, unatafuta basari. Karani amevaa kofia ya chama. Kama wewe ni wa upande ule mwingine, utaamini kweli fomu yako itafika?

Hapo ndio noma iko. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 23, inakataza mtumishi wa umma kuonyesha hadharani anasapoti ama anapinga chama ama mgombea gani kwa uchaguzi. Chifu, mwalimu, karani wa kaunti, wote wamo.

Sasa utauliza, mbona Gladys Wanga akapewa uenyekiti wa ODM na yeye ni gavana wa Homa Bay? Rahisi tu: alichaguliwa. Kifungu cha 77 cha Katiba kinabana aliyeteuliwa. Ndio maana John Mbadi, pia wa Homa Bay, aliachia kiti hicho hicho 2024 alipopewa uwaziri wa fedha.

Kupiga kura, karani ana haki kama wewe. Akitaka kugombea 2027, ajiuzulu miezi sita kabla. Lakini akiwa kazini, hiyo meza ni ya raia wote. Ukiona imegeuzwa ya kampeni, ripoti EACC.