Kizuri Chajiuza? Nafasi ya Lugha katika Taaluma ya Uuzaji

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya huulizwa mara kwa mara atafanya kazi gani endapo hatakuwa mwalimu au mwanahabari. Ni nadra jibu lake kuwa uuzaji. Kazi hiyo huchukuliwa kuwa kimbilio la aliyekosa ajira, na muuzaji hudhaniwa kuwa mtu wa maneno mengi tu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba uuzaji ni taaluma inayotegemea uhusiano wa watu, na kwamba uhusiano huo hujengwa, na pia hubomolewa, kwa lugha.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli pale ambapo mnunuzi anaweza kukitambua kizuri kwa macho. Aghalabu hawezi. Mfanyabiashara anayenunua robota la mitumba Gikomba, jijini Nairobi, hulipa kabla ya kujua kilichomo. Anayenunua kreti ya nyanya Kongowea, Mombasa, huziona za juu. Za chini huzijua mwenye kuuza. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyelichunguza soko la mji wa Sefrou nchini Moroko, alieleza katika makala yake ya mwaka 1978 kwamba kinachoadimika katika masoko ya aina hii ni habari za kuaminika kuhusu ubora na bei. Kwa sababu hiyo mnunuzi humrudia muuzaji yule yule, na baina yao huzuka uhusiano wa kudumu. Mteja wa namna hii huwa amelinunua neno la muuzaji kabla ya kuinunua bidhaa.

Je, uhusiano huo hujengwaje? Msingi wake wa kwanza ni salamu. Mnamo 1923, Bronislaw Malinowski alibainisha kwamba yapo mazungumzo ambayo kazi yake kuu ni kuwaunganisha wazungumzaji, hata pasipo habari mpya inayopashwa. Muuzaji anayemuuliza mteja, "Mtoto aliamkaje?" kwa kuwa anakumbuka kuwa juma lililopita alikuwa mgonjwa, amemtambua kama mtu mwenye nyumba na mashaka yake. Kumbukumbu hiyo hutokana na kusikiliza, stadi ambayo wengi huisahau wanapotaja sifa za muuzaji.

Msingi wa pili ni uteuzi wa lugha. Howard Giles, katika nadharia aliyoiasisi miaka ya 1970, anaeleza kwamba mzungumzaji hurekebisha usemi wake ili aukaribie wa msikilizaji. Ndiyo maana mchuuzi wa Nairobi humwita mzee "baba", humwita mwanamke wa rika lake "dada", na papo hapo akageukia Sheng anapofikiwa na kijana. Hata hivyo, si kila ukaribu hukaribishwa. Mama wa makamo anayeitwa "mrembo" na mtu asiyemjua huenda akaona amevunjiwa heshima, akaenda zake.

Msingi wa tatu ni adabu katika kupatana bei. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya upole, wanafafanua kwamba kila mtu ana hadhi anayotaka ilindwe katika mazungumzo. Mnunuzi anaposema bidhaa ni ghali, hadhi ya muuzaji huguswa. Muuzaji anapokataa katakata, ya mnunuzi huguswa. Muuzaji stadi hujibu, "Kweli, mama, bei imepanda. Niongeze kidogo tuelewane." Amekataa bei aliyopewa, lakini mama hakuaibika. Biashara haigombi.

Stadi hizi hudhihirika zaidi katika uuzaji wa bima, ambapo bidhaa haishikiki wala haionjwi. Nchini Kenya wakala wa bima huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na malipo yake hutokana kwa kiasi kikubwa na kamisheni. Hapa pana kishawishi cha kueleza fidia kwa mapana na kuyapitia masharti kwa haraka. Aghalabu mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Wakala anayeweza kumfafanulia mkulima au mwendeshaji wa bodaboda, kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ni hasara zipi hazitafidiwa, huenda akampoteza mteja huyo siku ile. Lakini aliyefichwa sharti atalijua siku ya kudai fidia, naye atawasimulia jirani na jamaa. Kwa kuwa wateja wapya wa wakala huletwa na wa zamani, ajali moja ya maneno inaweza kuufunga mlango wa mtaa mzima.

Hapa ndipo ufasaha unapotengana na ulaghai. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria imeafikiana na wahenga waliosema kuwa ahadi ni deni.

Mwanafunzi aliyesoma pragmatiki, isimujamii na fasihi simulizi tayari anazo zana za kazi hii: anajua salamu hufanya nini, ni lini lakabu hugeuka tusi, na jinsi hadhira inavyosomwa usoni. Linalobaki ni kuziingiza zana hizo sokoni, pamoja na uaminifu wa kusema hata lile ambalo halitauza leo.