Ngeli tutasahihisha Jumamosi

“Kitabu kizuri, kalamu nzuri, mti mzuri. Mwalimu, mbona neno hili halitulii?” Aliniuliza hivyo mama mmoja Mjopadhola wa Tororo, muuza mahindi aliyetaka kuuza mzigo wake Busia bila dalali.

Sikumcheka. Wazazi wangu walikimbilia Kenya wakati wa vita vya Uganda vya miaka ya 1980, nami nilikiokota Kiswahili uwanjani, tukicheza. Yeye anakitafuta ukubwani. Msamia ana ngeli katika lugha yake, hivyo hazimshangazi. Dhopadhola, ndugu wa Kijaluo, haina. Nilimpa moyo: anayejifunza Kijapani hukabili maandishi ya aina tatu, tena penseli huhesabiwa kwa neno moja na karatasi kwa jingine.

Lakini ngeli si kikwazo kikuu. Wazee wetu wanakumbuka Kiswahili cha askari wa Idi Amin, cha amri na kupora. Vijana wanaogopa kuchekwa ng’ambo ya mpaka. Katiba ya Uganda ilikiruhusu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali ikaidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Sheria pekee haimfungui mtu mdomo.

Juzi mama yule alivuka. “Mahindi mzuri,” alimwambia mnunuzi. Mnunuzi alitabasamu, akapima, akamlipa mkononi. Dalali hakupata kitu.

Ngeli tutasahihisha Jumamosi. Ninyi mlio Busia, akikosea, msimcheke.