Mgonjwa asipotelee kati ya Lokiriama na Lodwar

WIKI hii ukurasa huu hauzungumzii dawa mpya wala chakula cha kupunguza unene. Unazungumzia ubao. Usifungue ukurasa wa michezo kwanza, kwani kuna wagonjwa wanaofariki ilhali dawa ipo, muuguzi yupo na kitanda kipo, kwa sababu kila aliyehusika alidhani mwenzake ameshughulikia.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka saba aliye Lokiriama, magharibi mwa Turkana, karibu na mpaka wa Uganda. Kwa wiki tatu amekuwa na homa. Amepewa dawa za malaria na homa haikutoka. Mikono imekonda, lakini tumbo limejaa, hasa upande wa kushoto mahali palipo wengu. Mhudumu mzoefu akiona hayo hufikiria kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu, apendaye kujificha ndani ya vichuguu na nyufa za ardhi. Usipotibiwa, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Ukitibiwa mapema, wengi hupona. Tiba ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki mwaka 2010 ni sindano za dawa mbili kila siku, kwa siku 17.

Sasa hebu uhesabu mikono. Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyemwona mtoto kwanza nyumbani. Muuguzi wa zahanati akaandika barua ya rufaa. Dereva anatakiwa ampeleke Lodwar, kwa barabara inayopitia Lorugum. Hapo kuna wa maabara, kuna wauguzi wa wodi, kuna mtaalamu wa lishe, na baadaye kuna mtu wa kumfuatilia akisharudi nyumbani. Watu saba au zaidi, na baadhi yao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kila mmoja ana daftari lake, na daftari lake liko sawa. Lakini ukiuliza leo mtoto yuko wapi, hakuna anayejua.

Hapa ndipo ubao unapoingia. Mtindo huu ulianzia Japani, katika viwanda vya magari vya Toyota. Mhandisi Taiichi Ohno aliuendeleza tangu miaka ya 1950, akiwa amevutiwa na maduka makubwa ya Marekani ambako bidhaa mpya huwekwa kwenye rafu baada tu ya ile ya zamani kuchukuliwa. Kadi ndogo ilitembea pamoja na vipuri na kumwambia fundi kinachohitajika. Kijapani huitwa kanban, maana yake ubao wa tangazo. Baadaye watengenezaji wa programu za kompyuta waliuchukua, na leo ubao huo umo ndani ya simu. Programu kama Trello, iliyotoka mwaka 2011, humwezesha dereva aliye njiani kuona kile kile anachokiona daktari aliye ofisini.

Namna yake si ngumu. Ubao umegawanywa kwa safu, na kila kazi ina kadi yake. Kwa mfano wetu, safu zaweza kuwa: Ameonekana, Anasubiri gari, Amefika Lodwar, Anatibiwa, Afuatiliwe, Amemaliza. Kadi huanzia kushoto na kusogezwa kulia.

Lakini angalia jambo ambalo watu wengi hukosea. Kadi haisogei kwa sababu umetimiza sehemu yako. Husogea pale mgonjwa mwenyewe aliposogea. Muuguzi akiandika barua ya rufaa, kadi bado iko pale pale. Akipiga simu Lodwar na kuambiwa "sawa, tumesikia," kadi bado iko pale pale. Itasogea mtu wa Lodwar akisema mtoto huyu yuko mbele yangu. Kwa maoni yangu kanuni hii moja inashinda programu yenyewe, na timu isiyoikubali ingebaki na daftari lake.

Jambo la pili ni kuweka kikomo. Tuseme timu imekubaliana kwamba katika safu ya Anasubiri gari zisizidi kadi tatu. Asubuhi moja zinaonekana tano. Hapo hakuna haja ya mkutano wa kulaumiana kwamba wauguzi wa Lokiriama ni wavivu, wala kwamba wa Lodwar hawajali. Ubao umeonyesha waziwazi kwamba tatizo ni usafiri. Kabla ya kufungua kazi nyingine yoyote, timu nzima inatafuta gari: kuomba la idara nyingine, kuunganisha safari na gari linalopeleka chanjo, au kubadili siku ya kliniki. Wengi wetu tukiona kazi zimerundikana huongeza nyingine juu yake na kujiita wachapa kazi. Ubao unakukataza.

Tukigeukia Kakuma, kizuizi ni cha namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Mashirika ni mengi, na pale wenye kutoa huduma wanapokuwa wengi ni rahisi kila mmoja kufikiri kwamba mama fulani ni wa shirika lile jingine. Dawa yake ni kwamba kila kadi iwe na jina la mhudumu mmoja tu. Si jina la shirika au la idara. Mtu mmoja, mwenye simu inayopokelewa.

Lokiriama nayo ina jambo lake. Hapo ndipo Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipofanya mapatano ya amani mwaka 1973 na kuzika silaha, na bado mapatano hayo hukumbukwa. Amani ikiwepo, wafugaji huvuka na mifugo yao kutafuta malisho na maji. Mtoto anayetakiwa kupata chanjo ya surua ya miezi 9 anaweza kuwa upande wa Moroto siku gari la chanjo linapofika. Kadi yake isiwekwe kwenye Amekosa kana kwamba ni kosa la mama. Iandikwe familia ilielekea wapi na inatarajiwa lini, ili timu inayofuata isianze upya.

Utauliza: na mtandao ukikatika? Swali zuri. Mtandao wa simu haufiki kila penye watu, na simu bila chaji ni kipande cha plastiki. Kwa hiyo ubao wa ukutani usitupwe. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya wamekuwa na ubao wa chaki wa kuonyesha hesabu za kijiji, na mwezi Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya kazi pamoja na simu. Viwili hivi havigombani. Chaki hutumika mchana, na mtu mmoja aliyechaguliwa husogeza kadi kwenye simu afikapo penye mawimbi.

Nakuonya pia juu ya siri ya mgonjwa. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Usiandike jina, ugonjwa na boma la mtu kwenye ubao unaoonwa na watu ishirini. Tumia nambari ya rejista. Jina libaki kwenye faili.

Nawe uliye Nairobi, Mombasa au Nakuru usidhani haya hayakuhusu. Pengine mama yenu ana kisukari, nanyi watoto wanne mmetawanyika. Kuna kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia mbili, na katikati yake umezama ule wa "nani atampeleka kliniki Jumanne?" Aliyejibu alituma kidole gumba, na kidole gumba si jibu. Tengenezeni ubao wenye safu tatu, hata kwa karatasi zilizobandikwa kwenye friji na kupigwa picha kila Jumapili. Dawa za mwezi ziwe kadi moja, vipimo vya macho kadi nyingine, na kila kadi iwe na jina la mmoja wenu.

Kuhusu mtoto wetu wa Lokiriama, yawezekana unafikiri kadi yake itaingia safu ya mwisho siku ya 17, sindano zikiisha. Hapana. Kala-azar huweza kurudi, kwa hiyo mgonjwa hupimwa tena baada ya miezi sita ndipo ithibitike kwamba amepona. Muda wote huo kadi yake inakaa kwenye safu ya Afuatiliwe, ikiwa na tarehe ya kurudi kliniki na jina la mhudumu atakayemwendea nyumbani asipoonekana.