SUFURIA YA SHABA NA INI LA MTOTO



Mwanzoni mwa msimu wa vuno, mwanachama mmoja alitujia na sufuria kubwa ya shaba aliyorithi kwa bibi yake. Alitaka kuchemshia maziwa na uji wa watoto wa wachumaji, akatuuliza kama ina dhara. Tulipoitazama ndani, kalai ilikuwa imekwisha. Shaba tupu yaonekana, na pembeni imefanya kutu ya kijani. Tulimwomba asiitumie kwanza, tukaahidi kuwaeleza nyote sababu.

Shaba yenyewe si adui. Mwili wahitaji shaba kidogo sana, na ini ndilo bohari yake: huipokea, huifunga, na iliyozidi huitoa kwa njia ya nyongo. Ubaya huanza inapoingia nyingi kuliko ini liwezavyo kuifunga na kuitoa.

Seli za ini, zikitumia hewa ya oksijeni kupata nguvu, hutoa mabaki makali kila siku, na ini lina dawa yake lenyewe ya kuyazima. Lakini shaba iliyokosa wa kuifunga huyageuza mabaki hayo yakawa makali zaidi, yakashambulia mafuta yaliyomo katika ngozi ya kila seli. Mafuta hayo huharibika mfano wa samli iliyoachwa wazi ikabadilika harufu. Ngozi ikiharibika, seli hufa. Zikifa nyingi, ini hufanya makovu, likawa gumu, likashindwa kazi. Risasi, zebaki na kadmiamu nazo huliumiza ini kwa kushikamana na ile dawa yake hata ikapunguka.

Mtoto mchanga yumo hatarini kuliko sisi. Huzaliwa na shaba nyingi tayari katika ini lake, na njia yake ya kuitoa kwa nyongo haijakomaa.

Haya si maneno ya kutishana. Katika milima ya Tyrol, magharibi ya Austria, watoto wadogo 138 walikufa kwa ugonjwa wa ini kuwa gumu baina ya mwaka 1900 na 1974. Walikuwa watoto wa wakulima, wenye ng'ombe na maziwa yao wenyewe. Wataalamu walioandika habari zao mwaka 1996 waliona kuwa maziwa yale yaliingia shaba kutoka katika vyombo visivyotiwa kalai. Si kila mtoto aliyeyanywa aliugua, kwani ugonjwa ulifuata nasaba pia. Lakini vyombo vile vilipobadilishwa, ugonjwa ukatoweka. Wazazi wale waliwapa watoto wao kilicho bora nyumbani, wasijue kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Basi twawanasihi wanachama mambo manne.

Kwanza, chombo cha shaba kilichoisha kalai kisichemshiwe maziwa wala kulazwa chakula. Vitu vikali, kama ndimu, ukwaju na siki, huitoa shaba upesi zaidi.

Pili, ukipeleka chombo kutiwa kalai, mwambie fundi atumie kalai safi isiyochanganywa na risasi. Risasi nayo ni sumu, na kwa watoto hudhuru ubongo.

Tatu, mrututu ni shaba pia. Huko Ureno, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu waliopuliza mrututu na chokaa kwa miaka mingi walikutwa na shaba mapafuni na katika maini yao. Mwenye kupuliza dawa hii azibe pua na mdomo, anawe kabla ya kula, na ndoo yake isiguswe kwa kazi ya jikoni hata ikioshwa mara saba.

Nne, mtoto akiwa na macho ya manjano au tumbo la kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asikawizwe kwa kujaribu dawa za nyumbani, maana ini huumia kimya kimya muda mrefu kabla ya dalili kutokea.

Mwenye sufuria amekwisha kuipeleka kwa fundi. Hata irudi, uji wa watoto wapikwa katika sufuria nyingine, ndogo, mara mbili kwa asubuhi. Mkewe asema ni taabu kidogo. Nasi twamshukuru kwa taabu hiyo.

Katibu wa Chama